Daraja Lililofichwa na Maduka

Mama yangu hajawahi kuniuliza kazi inaendaje. Ninachonga mifupa ya ng'ombe kule Kibera, karibu na Makina. Tunaichemsha, tunaikata kwa msumeno, tunaisugua mpaka ing'ae, kisha tunatengeneza hereni, shanga na vitana. Mama husema nanuka supu. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kikundi chetu kimealikwa kupeleka kazi zetu kwenye maonyesho huko Ulaya, na kwamba mimi ndiye nitakayekwenda, nilitarajia aseme "haya" na kuendelea kukata sukuma wiki. Aliweka kisu kwenye sinia, akaniuliza ni mji gani. Nilipomtajia akafumba macho.

"Ni kule," akasema.

"Ni kule, mama."

Mji wenyewe sitautaja. Ni mji wa zamani, una mto mkubwa katikati na madaraja mengi juu yake, na mdogo wangu wa kiume alikuwa akiosha vyombo kwenye hoteli moja huko. Alikuwa akinitumia video anatembea madarajani, anacheka, anasema, "Sis, huku mabridge ni mob, unasahau uko side gani." Halafu asubuhi moja ya baridi jaketi yake na simu yake vikapatikana kwenye daraja kongwe kuliko yote. Polisi wa huko wakasema ni mto. Mwili haukuonekana. Kama aliteleza, au alisukumwa, au maisha yalimshinda, hatujui mpaka leo, na nimeacha kuuliza kwa sababu kila jibu linaniudhi.

Mama hakuwa na maswali hayo. Yeye anaishi Kawangware, upande wa kuelekea Satellite, chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ambayo nyuma yake unapita mto mchafu. Tangu habari zije alikuwa akisema anamsikia mwanawe anaita kutoka ng'ambo ya huo mto. Alikuwa akilala ameketi kwenye kochi, leso kichwani, mlango bila komeo. Alikonda mpaka majirani wakaanza kunisimamisha njiani kunisema, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimnyima usingizi.

Kwetu kijijini, magharibi mwa Kenya, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, ukoo huzika shina la mgomba mahali pake. Watu wanalia, wananyoa, mambo yanaisha. Lakini kwanza mwenyewe aletwe nyumbani. Ukizika kabla hajafika, umezika mgomba tu. Wazee walikuwa wameshakubaliana, mahali pa kaburi pameshaonyeshwa, kilichokosekana ni mtu wa kwenda kumchukua. Sasa mtu huyo alikuwa amepatikana, na tiketi amekatiwa na wazungu.

Mama alinielekeza pale pale, mboga zikiwa bado hazijaiva. Nifike alipopotelea, niseme naye kwa sauti. Nikiondoka nisigeuke kumtazama. Kila nikivuka maji nimwambie kwamba tunavuka, maana aliyekufa majini havuki maji asipoambiwa, na ukivuka kimya unamwacha upande ule. La mwisho alilirudia mpaka nikachoka. Jina lake nisilitaje juu ya maji, hata kwa kunong'ona, kwa sababu mto ukishalijua jina la mtu haumwachilii.

"Mwite ndugu yangu," akasema. "Atajua ni wewe."

"Mama, niongee peke yangu mbele ya wazungu?"

"Wazungu wanaongea na mbwa."



Mimi ni mtu wa kanisa, na mama ni mtu wa kanisa kunishinda, ana kiti chake kule mbele. Sikumuuliza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja. Nilichotaka ni alale kitandani kama watu.

Maonyesho yenyewe sina mengi ya kuyasema. Watu waliokota hereni, wakaniuliza kama ng'ombe aliumia. Siku ya mwisho wenyeji wetu walitupa zawadi ya kutembezwa mjini kuona madaraja na majengo ya kale. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, mrefu, ameshika mwavuli mwekundu uliofungwa ili tusimpoteze. Alizungumza Kiingereza kizuri cha polepole, na aliupenda mji wake kiasi cha kukera. Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu uliolala juu ya mto, usiweze kuona upande wa pili. Tulisikia maji tu, chini, na kengele mahali fulani.

Tulianza na daraja kongwe. Sikuwa nimelala usiku kucha nikiliwaza. Ni daraja la mawe, pana, na pande zote mbili wamesimamisha sanamu za watakatifu zilizogeuka nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Katika ukungu huwezi kujua ipi ni sanamu na yupi ni mtu aliyesimama. Mara mbili niliomba samahani kwa jiwe. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya kichwa kimoja cha jiwe kilichong'aa kwa kushikwashikwa, akasema anayekigusa lazima atarudi katika mji huu siku moja. Wenzangu walipanga foleni. Mimi niliweka mikono mfukoni.

Wao wakiwa wanapigana picha, nilisogea ukutani pale nilipopatambua kutoka kwenye video zake, chini ya mtakatifu aliyevunjika mkono. Nikainama kuelekea majini.

"Ndugu yangu," nikasema, kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nikimwamsha aende kazini. "Mama amenituma. Twende nyumbani. Tunavuka maji."

Hakuna kilichotokea, na nilijisikia mjinga. Nikaanza kutembea na wenzangu. Tulipofika kama katikati, nikapigwa kikumbo begani, begani hapa kushoto, kikumbo cha mtu anayekupita akitaka muanze mbio. Ndugu yangu alinipiga hicho kikumbo tangu tukiwa watoto, kila tukitoka mlangoni, na nilikuwa nikimtukana kila siku. Hapakuwa na mtu karibu yangu. Sikugeuka. Nilikaza macho kwenye mwavuli mwekundu na machozi yakawa yananitoka, na mwongozaji akaniambia kwa upole kwamba wageni wengi huguswa na daraja hili.

Ng'ambo ile alitupeleka kwenye kanisa la mifupa. Zamani makaburi ya mji yalijaa, akaeleza, na mto nao ulikuwa ukifurika na kuyafukua, basi watawa wakaikusanya mifupa yote na kuipanga chini ya kanisa. Mafuvu yalikuwa yamejengwa kama ukuta wa matofali, na mifupa ya mapaja ikawa nguzo. Wenzangu walisogeleana. Mimi niliangalia kwa jicho la kazi, nikaona kwamba haikuchemshwa vizuri, mafuta yamebaki ndani ndiyo maana imegeuka rangi ya chai. Kisha nikauliza kama familia zinajua fuvu lipi ni la nani.

"Hapana," mwongozaji akasema. "Wamechanganyika wote. Hata walioopolewa mtoni, hakuna aliyewajua. Wageni, mabaharia, vijakazi. Waliletwa humu."

Begani nilisukumwa tena, kidogo, kama mtu anayesema tutoke hapa. Nilimwelewa. Nikatoka nje kabla ya wengine, nikasimama kwenye baridi nikitabasamu peke yangu.

Nataka niseme wazi nilivyofurahi, kwa sababu baadaye sikufurahi tena. Tulishuka kwenye mtaa mwembamba wa mawe, na alikuwa akienda ubavuni mwangu, kila mara mbele kidogo, vile vile alivyokuwa akitembea. Mtaa ule ulikuwa mzuri ajabu. Nyumba za orofa pande zote mbili, zimebanana bila hata upenyo, zimepakwa rangi, maua madirishani. Chini ni maduka tu: peremende, saa, vikombe. Ukungu haukuingia humo. Watu walikuwa wengi, mwongozaji anasimulia habari za wafanyabiashara wa viungo wa zamani, na mimi nikasimama mbele ya dirisha moja kwa sababu niliona vitana vya mfupa. Vitana vya zamani, meno membamba kushinda uwezo wangu, kazi ya mkono tupu. Nilivitazama kwa muda, nikikisia walitumia msumeno gani. Kisha nikaukimbilia mwavuli mwekundu, tukatokea kwenye uwanja wenye chemchemi.

Mwongozaji aligeuka, akakunja mikono, akatabasamu kama mtu aliyeficha peremende.

"Basi," akasema, "mmevuka daraja la wafanyabiashara. Karibu kila mgeni huvuka bila kujua. Mto uko chini ya zile nyumba."

Wenzangu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilisikia baridi ikiingia kutoka upande wa kushoto, upande ambao dakika chache nyuma ulikuwa na joto. Nikangoja kikumbo. Nikasogea hatua, nikarudi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili anipe nafasi. Hapakuwa na mtu. Nilikuwa nimevuka maji kimya, na ndugu yangu amesimama upande ule akiniona naenda.

Nilimwambia mwongozaji nimeangusha glavu, nikarudi mbio. Sikujua kama kurudi ni sawa na kugeuka, mama hakunieleza hilo, kwa sababu kijijini kwetu hakuna mtu aliyewahi kujenga duka la saa juu ya mto. Nilipita ule mtaa nikigonga watu na mabegi yao. Sasa nilijua ni daraja, na nilikuwa nikiyasikia maji chini ya viatu, na nilishangaa ni vipi sikuyasikia mwanzo. Mwisho wa nyumba ya mwisho nilikuta ngazi nyembamba za mawe zinazoshuka mpaka majini. Nikashuka.

Huko chini ukungu ulikuwa umekaa. Maji yalikuwa meusi, yanapita chini ya zile nyumba polepole, na juu yangu nilisikia watu wakicheka dukani. Nilishika ukuta uliolowa.

"Ndugu yangu," nikasema. Sauti yangu ilienda chini ya daraja ikarudi. "Ndugu yangu, nisamehe, sikujua. Twende nyumbani. Tunavuka maji."

Nikangoja. Hakukuwa na kikumbo. Nilisema tena, kwa nguvu, mpaka mtu akachungulia kutoka dirishani akafunga pazia. Nilikaribia kulitaja jina lake, lilikuwa hapa kwenye ulimi, na ningekuwa mtu wa kutosikia maneno ya wakubwa ningelitaja. Nikalimeza. Nikasema mara ya tatu, kwa kulia, "Ndugu yangu, tafadhali."

Ndipo nikasikia kitu kinatoka majini. Hakikuwa na kishindo. Ilikuwa ni sauti ya maji yanayochuruzika kwenye jiwe, kisha mguu, kisha mguu mwingine, kwenye ngazi za chini nyuma yangu. Nywele zilinisimama, lakini moyo wangu ulisema ahsante Mungu. Nikapanda ngazi bila kugeuka. Nikavuka ule mtaa wa maduka nikirudia kwa sauti kwamba tunavuka, tunavuka maji, bado tunavuka, na watu walinipisha kama wanavyompisha mlevi. Mwongozaji aliniuliza kama nimeipata glavu. Nikasema nimeipata.

Alikuja nami, hilo sina shaka nalo. Ila alikuwa amebadilika. Hakunipiga kikumbo tena. Alitembea nyuma yangu, hatua moja nyuma, kila mara kiasi kile kile, na kama nikisimama anasimama. Nilijiambia amekasirika, na ana haki. Tulivuka daraja la chuma lenye simba, tukavuka lile la treni, na kila mara nilimwambia mapema, kwa adabu, na kila mara nilisikia hatua zake zikianza baada ya zangu. Hotelini milango ile inayojifungua yenyewe ilinifungukia, nikapita, ikabaki wazi. Mhudumu alikuja kuitazama. Ilijifunga nilipofika kwenye lifti.

Kwenye ndege kiti cha pembeni yangu hakikukaliwa ingawa watu walikuwa wamejaa. Nilipatwa na harufu ya sufu iliyolowa njia nzima. Sikuogopa, au niseme niliogopa kama unavyomwogopa ndugu aliyekununia. Nilimsimulia mambo ya nyumbani kwa sauti ya chini: mama amekonda, kochi limechakaa, kazi ya mifupa inaenda. Zamani angenikatiza kila neno. Huyu alinyamaza tu, na nikaona kifo kimemtia heshima.

Nairobi tulichukua teksi kutoka uwanja wa ndege. Kila tulipokaribia mto nilimwambia, na mito ya Nairobi ni mingi ukiwa na sababu ya kuitafuta.

"Madam, unaongea na nani huko nyuma?" dereva akauliza.

"Na ndugu yangu. Tumetoka mbali."

Alinitazama kwenye kioo, kisha akatazama pembeni yangu, akazima redio. Alikaza macho barabarani mpaka Kawangware. Nilipomlipa, alingoja mlango wa pili ufungwe kabla ya kuondoka, na mimi sikuwa nimeufungua.

Ilikuwa saa kumi hivi za jioni, jua bado liko. Tulikivuka kijidaraja cha mbao nyuma ya ploti, nikamwambia hayo ndiyo maji ya mwisho, sasa tumefika. Watoto waliokuwa wakicheza hapo waliacha mpira ukaenda mtaroni. Mama alikuwa kwenye kochi lake, amejifunga leso safi, amepika. Sikuhitaji kumwambia kitu. Alinishika mkono, akaniketisha, akasema tuuache mlango wazi.

Tuliketi tukautazama mlango. Pazia lilikuwa limetulia. Kizingitini, kwenye saruji kavu, pakatokea unyevu, ukaenea polepole mpaka ukatosha miguu miwili. Kisha haukuendelea. Mama aliinama mbele, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sitaisahau, uso wa msichana. Tukangoja. Chakula kikaanza kupoa. Niliona ile furaha ikianza kumtoka kidogo kidogo, na sikuelewa ni kwa nini.

"Mbona haingii?" akasema.

"Labda amenuna, mama. Tulikosana njiani. Ama ni mambo ya Ulaya, huko watu hawaingiani hivi hivi."

"Wangu huyu?" mama akasema. "Wangu alikuwa anaingia na viatu. Anafunua sufuria kwanza, ndiyo anisalimie. Tangu nimzae hajawahi kusimama mlangoni kwangu." Akatazama tena kizingitini, kwa muda mrefu. "Huyo anangoja aambiwe karibu."

 Nilielewa yote kwa mara moja, zile hatua za nyuma yangu, ile adabu, ule unyamavu.

"Ulimwita nani?" mama akauliza.

"Ndugu yangu. Vile ulisema. Sikutaja jina."

"Na huo mto ni wa watu wangapi?"

Nikakumbuka lile kanisa, zile kuta. Nikamwambia, "Ni wengi, mama. Ni wa zamani sana."

 Kanuni ile ilikuwa ya kijito cha kwao mama, ambacho waliofia humo wote wanajulikana, na ukisema ndugu yangu ni mmoja tu anayeweza kuitika. Aliyeniambia ni yeye, na nilimwona akilibeba hilo mbele yangu, akilipanga kifuani. Nilidhani atanililia, au atanituma nirudi. Nilikuwa tayari kutumwa, ningeondoka siku ile ile.

"Nimfukuze?" nikauliza.

"Umfukuze aende wapi? Umemleta kwa kumwita ndugu."

Akasimama kwa kushika mkono wa kochi. Akairekebisha leso, akapangusa uso wake kwa ncha yake, na akaenda mpaka karibu na mlango, mahali anaposimama akipokea wageni wa kanisa. Sauti yake ilikuwa nzima.

"Karibu, baba," akasema. "Ingia ndani. Karibu nyumbani."

Pazia likafunguka, likarudi. Mama alimwonyesha kochi, lile alilolalia miezi yote hiyo akimngoja mwingine, akavuta stuli na kuketi kando. Kisha akaniambia nipakue, nianze na mgeni.

Nilipakua. Nilijua ndugu yangu yuko wapi. Yuko kule mwanzo wa ule mtaa wa maduka, bado yuko mbele yangu kidogo, anangoja nimwambie tunavuka.